Mashine Yenye Jina la Ondieki

"Hii imeisha, Madam," Sajini Kisilu alisema, akalitua faili mezani kama mtu anayetua gunia. "Kesho asubuhi anasomewa shtaka la mauaji. Wewe weka sahihi tu."

Inspekta Orpah hakuweka sahihi. Alikuwa amerudi asubuhi hiyo kutoka Nyacheki, alikokwenda kumzika shangazi yake, na udongo wa huko ulikuwa bado umeganda kwenye viatu vyake. Hakuwa mwanamke wa maneno mengi, na pale kituoni Kisii walikuwapo wanaume waliokereka na kimya chake kuliko ambavyo wangekereka na matusi.

"Sitaki faili," alisema. "Niambie kwa mdomo wako."

Kisilu akavuta kiti. Marehemu ni Abdirahim, fundi wa kompyuta, mtoto wa Mama Ubah anayeuza vitambaa karibu na msikiti. Kampuni ya Yashwant, ile ya jumla inayouza pembejeo na dawa za mifugo, ilimpa kazi ya kuunganisha kompyuta mpya za ofisi nzima. Jumapili kampuni hufungwa, kwa hiyo fundi aliingia peke yake kumalizia kazi. Jumatatu wafanyakazi walipofungua walimkuta chumba cha seva, amelala kifudifudi, kisogo kimepasuliwa.

"Alipigwa na nini?"

"Koleo yake mwenyewe, ile ya kubania ncha za waya. Chuma kizito, Madam. Tuliipata imefungwa kwa tambara, na damu juu yake. Chini ya mashine ya Ondieki, karani wa stoo."

"Ulijuaje ni mashine ya Ondieki?"

Kisilu alitabasamu. "Imeandikwa. Kila mashine imebandikwa jina la mwenyewe. STOO, ONDIEKI. Hata mimi nilienda shule."

"Na sababu ya kuua?"

"Waligombana Ijumaa. Wenzake waliwaona koridoni, Ondieki amemshika fundi mkono, wananong'onezana kwa nguvu. Fundi anatikisa kichwa."

"Waligombania nini?"

"Hapo hakuna aliyesikia."

"Amekiri?"

"Ameacha kukana," Kisilu alisema. "Tangu jana jioni. Kwangu hiyo ni ile ile."

Wako polisi wanaotafuta mkosaji, na wako wanaotafuta usingizi. Kisilu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, bosi wake alitaka jina kabla ya wiki kuisha, na jina lilikuwa limebandikwa mahali peupe likimngoja alisome. Orpah aliuchukua ufunguo wa seli ukutani bila kumwomba.

Ondieki alikuwa ameketi sakafuni, miguu ameinyosha mbele. Orpah alipoiona miguu hiyo alielewa kwa nini haikuwa imekunjwa. Nyayo zilikuwa zimevimba mpaka ngozi ilikuwa inang'aa. Hasira ilimpanda, akaimeza, kwa sababu ilikuwa na saa yake na saa yenyewe haikuwa hiyo.

"Jumatatu ulisema hukuua."

"Sikuua huyo kijana, Madam."

"Jana jioni ukaacha kusema hivyo. Kwa nini?"

"Nimechoka."

"Jumatatu walikupiga, hukuchoka. Jana kulitokea nini?"

Ondieki aliutazama ukuta. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye uso wa watu wanaohesabiwa kuwa wapole mpaka siku wanayofungwa. "Sajini aliniambia koleo ilipatikana wapi. Mwanzo walikuwa wanasema tu kwamba ni kwako, kwako. Jana ndio akasema ni chini ya mashine iko na jina yangu."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikasema sawa. Andika ni mimi, Madam. Maliza hii maneno."

Orpah alichutama ili macho yao yalingane. "Ijumaa ulimwomba fundi nini?"

"Hiyo ni maneno ya nyumbani."

"Mkiwa kazini?"

"Ndio. Ya nyumbani." Akafunga mdomo, na Orpah aliukuta ule mdomo wa Kigusii anaoujua tangu utotoni, unaofungwa mara moja kama mlango wa ghala.

Alitoka akifikiri. Mtu asiye na hatia akiambiwa ushahidi mpya dhidi yake hupiga kelele zaidi. Huyu alinyamaza. Basi kuna kitu katika mahali pale pa koleo ambacho Ondieki alikijua na polisi hawakukijua, na kwa ajili ya kitu hicho alikuwa tayari kunyongwa. Mtu hafi hivyo kwa ajili yake mwenyewe. Alikuwa anamficha mtu.

Kwenye benchi la nje aliketi mwanamke mrefu mwenye buibui jeusi, mfuko wa karatasi mapajani. Alisimama.

"Wewe ndiye mkubwa wa kesi? Mimi ni Ubah, mama yake Abdirahim."

"Pole sana, mama."

"Pole nimepewa nyingi. Nimemzika jana." Sauti yake ilikuwa kavu. "Huyo Ondieki namjua. Idi iliyopita alikula pilau kwangu, mwanangu alimleta. Kama ni yeye, mnyongeni. Lakini kama si yeye, Inspekta, mtakuwa mmenipa maiti ya pili na sikuiomba."

Alimkabidhi mfuko. Zilikuwa nguo za marehemu, zilizotoka hospitali. Hakuna polisi aliyezitaka. "Tazama kiatu cha kulia, chini. Mwanangu alikuwa msafi, akifanya kazi anafagia kabla na baada. Hicho kitu kilimnasa vipi na hakukiona?"

Chini ya soli kulikuwa na kipande kidogo cha karatasi ya gundi. Orpah alikibandua kwa ukucha. Ilikuwa lebo, ya kubandikwa kwenye chupa, yenye herufi za vidoti vya printa: DAWA YA KUPE. MWISHO WA MATUMIZI 03/2000. Hapo ilikuwa bado 1998.

"Nitarudi nacho," Orpah alisema.

"Mimi nipo hapa hapa," Ubah akajibu, akaketi tena.

Mvua ya alasiri ilikuwa imeanza Orpah na Kisilu walipofika kwa Yashwant. Mzee Yashwant alizaliwa mjini Kisii, katika chumba cha nyuma cha duka hilo hilo, na Kigusii alikizungumza vizuri kuliko vijana wengi wa mjini. Siku hiyo alikuwa ameketi nyuma ya kaunta bila kufanya lolote, kitu ambacho hakuna mteja aliyewahi kukiona.

"Huyo kijana nilimpa kazi mimi," alisema. "Na huyo mwingine nimefanya kazi naye tangu hajaoa. Nimepoteza wote wawili, Inspekta."

"Mmoja bado. Nionyeshe mashine."

Aliyewaonyesha ni binti yake Nayna, aliyesomea kompyuta Nairobi. Ndiye aliyemshawishi baba yake atupe kompyuta za zamani, ambazo kila moja ilifanya kazi kivyake, na kununua hizi. Waya mmoja mweusi ulikuwa ukitambaa chini ya kuta kutoka chumba hadi chumba, ukapita mashine moja hadi nyingine kama kamba inayofunga mbuzi kadhaa, ukaishia chumba cha seva.

"Wafanyakazi huita ile ya mle ndani mama, na hizi watoto," Nayna alisema. "Ni utani, lakini ni kweli. Hizi hazina diski. Hazina kitu kichwani. Ukiwasha, inamwuliza mama, na mama anailetea kazi. Waya ukikatika ni boksi tupu na kioo."

"Mfanyakazi akikaa kwenye mashine ya mwenzake?"

"Hakuna ya mwenzake. Unaandika jina lako na neno lako la siri, kazi yako inakuja hapo. Ukihama chumba, inakufuata."

Orpah alisimama. "Basi hizi lebo za majina zilizobandikwa juu?"

"Karatasi tu. Abdirahim alizibandika mashine zikitoka kwenye maboksi, akifuata mchoro wa meneja, asichanganyikiwe wakati wa kuzipanga. Hazina maana nyingine."

Kisilu alikohoa.

Waliingia chumba cha makarani. Dirishani kulikuwa na meza mbili, lakini mashine ilikuwa kwenye moja tu. Kwenye meza ya ndani zaidi, chini ya lebo STOO, ONDIEKI, Kisilu alionyesha kwa fahari mahali alipoinama. Orpah hakutazama chini. Alitazama juu ya meza na kiti chake. Kitini kulikuwa na mto uliofumwa kwa uzi, wa kusaidia mgongo unaouma. Mezani kulikuwa na kitabu cha nyimbo cha Kisabato cha Kigusii, na kando yake mkebe wa miwani ya kusomea. Bakora ilikuwa imeegemezwa ukutani.

"Ondieki anatembea na bakora?"

Mzee mwembamba mwenye koti la kijivu, aliyekuwa amesimama mlangoni tangu waingie, alivua kofia.

"Hapo ninakaa mimi, Madam. Naitwa Nyangate. Mimi ni wa kutoa mizigo."

"Tangu lini?"

"Tangu Ijumaa, wakati meza zilihamishwa."

"Na Ondieki anakaa wapi?"

Yashwant ndiye aliyenyoosha mkono, si kwenye meza ya pili, bali ukutani. Nyuma ya ukuta huo ilikuwa stoo, na mle ndani, kando ya mizani, kulikuwa na kimeza na mashine yenye lebo MIZIGO, NYANGATE. Waya mweusi ulikuwa umetobolewa njia ukutani ili ufike pale. Vumbi la simenti lilikuwa limefagiwa vizuri.

Orpah aliurudia uso wa mzee. Sasa aliiona haya iliyokuwa ndani yake. "Ondieki ni nani wako, tata?" aliuliza, akimwita baba kwa Kigusii.

"Ameoa msichana wangu wa kwanza."

Kisilu, mtu wa Machakos, alitazama huku na huku akingoja kuelezwa. Orpah alimweleza, na hakumweleza kwa upole. Kwa Abagusii mkwe na baba mkwe wana ensoni, yaani heshima yenye mipaka. Hagusi nguo zake, hakalii kiti chake, hawashindi chumba kimoja wakitazamana na kutafuna chakula cha mchana. Mchoro wa meneja uliwaweka wawili hao meza kwa meza, magoti yakigusana. Ondieki hangeweza kusimama mbele ya ofisi kulalamika, maana kulisema jambo lenyewe ni aibu nyingine. Kwa hiyo alimvuta fundi koridoni akamwomba kwa kunong'ona.

"Na fundi akatikisa kichwa," Kisilu alisema polepole.

"Alitikisa kichwa kusema si shida," Nayna alisema. "Mimi nilikuwa karibu. Alizaliwa hapa, hakuhitaji kuelezwa. Alitoboa ukuta, akavuta waya, na lebo akaziacha zilivyo kwa sababu hazibadilishi kitu. Sajini hakuniuliza."

"Mimi pia hakuniuliza," Nyangate alisema.

Mzee alikuwa ameelewa sasa hivi, mbele yao, kitu ambacho mkwe wake alikielewa jana jioni sakafuni mwa seli. Ondieki angesema tu, "Hapo si pangu," swali la pili lingekuwa, "Basi ni pa nani?" Alinyamaza ili lisiulizwe.

"Yaani amekubali kufa ili mimi..." Mzee hakumaliza. Aliketi juu ya gunia la mbolea na kofia yake mkononi, akalia waziwazi kama mtu aliyefiwa.

Kisilu alimvuta Orpah pembeni. "Lakini Madam, kama si Ondieki, basi koleo ilikuwa chini ya meza ya huyu mzee."

"Ulipokificha kitu cha wizi utotoni, ulikificha chini ya mto wako?" Orpah alisema. "Aliyeiweka koleo pale aliisoma lebo, Sajini. Alitaka ionekane ni ya Ondieki, akaamini karatasi. Wafanyakazi wote walizibeba meza hizi Ijumaa kwa mikono yao. Hakuna hata mmoja angekosea. Wewe ulikosea kwa sababu hukuwapo. Na yeye alikosea kwa sababu hiyo hiyo."

Alimgeukia Yashwant. "Nani anayajua majina haya na hakuwa hapa Ijumaa?"

"Nyamongo," Yashwant alisema. "Meneja wangu. Ndiye alichora ule mchoro. Anasimamia depo ya Ekerenyo, ofisi yake hapa ni ile ya nyuma. Yuko njiani kuja kuchukua mzigo."

"Mzigo gani?"

"Dawa ya kupe. Ekerenyo inaenda sana. Ingawa..." Yashwant alisita. "Wakulima walikuwa wanarudisha chupa. Wanasema wanaogesha ng'ombe na kupe wanabaki, na ng'ombe wanakufa kwa ndigana. Ondieki alikuwa anaweka hizo chupa kando, anataka nizione. Mimi nikamwambia ngoja kwanza kompyuta ziishe."

Orpah alikigusa kipande cha lebo mfukoni mwake. Ng'ombe mmoja wa maziwa huko Ekerenyo ni karo ya shule, ni mboga, ni sabuni. Akifa, nyumba nzima inapiga magoti.

Nyamongo aliwasili mvua ikikatika, ufunguo wa pikapu ukining'inia kidoleni. Alikuwa kijana mtanashati, mwana wa Mgusii aliyefanya kazi Nairobi maisha yake yote, na Kigusii alikisikia lakini kusema kilimkwama kooni. Alipoona polisi hakushtuka. Aliwapa mkono wote.

"So sad," alisema. "Yule jamaa alikuwa mpoa sana. Lakini si mko na Ondieki already?"

"Tuko naye. Nionyeshe anapokaa, niandike kwenye ramani yangu."

Nyamongo hakufikiri. Alinyoosha ufunguo kwenye meza ya ndani, yenye mto na kitabu cha nyimbo. "Hapo. Na Nyangate hapa kando yake. Mimi ndio nilipanga. Niliskia huyu mzee ni baba mkwe wake, nikaona si mbaya, ni familia, wakae pamoja wasaidiane."

Makarani walitazama sakafu. Yashwant, Mhindi wa Kisii, aliinamisha uso kwa haya kama vile mtoto wake mwenyewe ndiye aliyetamka hayo. Nyamongo aliona kwamba amesema kitu, ila hakujua ni kipi. Usilolijua ni usiku wa giza.

"Mara ya mwisho kuingia jengo hili ni lini?" Orpah aliuliza.

"Wiki iliyopita, kabla ya Ijumaa."

"Jumapili?"

"Jumapili nilikuwa Ekerenyo. Uliza mtu yeyote."

Kukosea meza si hatia, na Orpah alilijua hilo. Wakili yeyote wa mjini angelicheka. Alitoa ile lebo na kumpa Nayna.

"Hii ilichapwa wapi?"

Nayna aliigeuza kwenye mwanga. "Na printa ya vidoti. Tunayo moja. Zamani ilikuwa ofisini kwa Nyamongo, ya lebo. Sasa tumeihamishia chumba cha mama, itumiwe na wote. Ndiyo kitu cha mwisho ambacho Abdirahim alikuwa aunganishe."

"Jumapili?"

"Jumapili."

"Mtu akituma kazi kwenye printa ambayo bado haijaunganishwa, kazi inakwenda wapi?"

Nayna alimtazama Nyamongo. "Haiendi popote. Mama anaishika. Anangoja."

"Na printa ikiunganishwa?"

"Anaitoa."

Chumba cha seva kilikuwa kimefungwa kwa kufuli ya polisi tangu Jumatatu. Mlango ulipofunguliwa harufu ya damu iliyokauka iliwapokea, na Nayna akafunika pua kwa mtandio. Mama alikuwa akinguruma taratibu pembeni. Hakuwa amezimwa, hata umeme ulipokatika betri yake ilimshika. Printa ilikuwa juu ya meza, mkanda mweupe wa lebo ungali ndani yake, mwisho wake umechanwa vibaya. Plagi yake ilikuwa imeng'olewa ukutani.

"Sajini, ni ninyi mlioing'oa?"

"Sisi hatukugusa kitu, Madam. Tuliikuta hivyo."

"Abhishek wa duka la jirani alinifundisha jambo moja," Nyamongo alisema ghafla, akicheka kidogo. "Hizi vitu zikizimwa, zimezimwa. Kila kitu kinapotea."

"Zile za zamani," Nayna alisema. "Zilizokuwa na kumbukumbu yao wenyewe mezani kwako. Si hizi."

Orpah alichukua plagi, akaisukuma ukutani.

Kwa muda hakikutokea kitu. Kisha printa ilikoroma, kichwa chake kikakimbia kushoto na kulia, na mkanda ukaanza kutoka. DAWA YA KUPE. MWISHO WA MATUMIZI 03/2000. DAWA YA KUPE. Lebo baada ya lebo, zikishuka hadi sakafuni, juu ya doa jeusi ambalo hakuna aliyekuwa amelifuta. Kazi ilikuwa imeendelea pale pale ilipokatizwa.

Kisha ilisita, ikaanza upya. Safari hii ilichapa kwanza jina la aliyetuma, kama mama alivyofundishwa kufanya ili watu wasigombanie makaratasi. Herufi zilikuwa kubwa, za nyota nyota, zikivuka lebo moja hadi nyingine. NYAMONGO. Chini yake, Jumapili. Kisha lebo zile zile. Alikuwa ametuma, akaona kimya, akatuma tena, na tena, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba isiyo na watu.

"Mtu ametumia jina langu," Nyamongo alisema.

"Na neno lako la siri?"

"Ningeweza kutuma nikiwa Ekerenyo. Si ni mtandao?"

"Waya unaishia ukutani hapo," Nayna alisema. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyajali. "Ekerenyo haijafika. Aliyetuma alikuwa ameketi ndani ya jengo hili."

Nyamongo aliutazama mlango wa nyuma, ambao ufunguo wake ulikuwa kwenye mkufu ule ule wa pikapu. Kisilu alikuwa amekwisha kusimama hapo. Kwa mara ya kwanza wiki hiyo hakuonekana amechoka.

"Mlikuwa ndani wawili, kila mtu chumba chake," Orpah alisema. "Wewe nyuma, unachapa tarehe mpya za kubandika kwenye dawa iliyokufa. Ulijua kuna fundi, ila ulituma kabla printa haijaunganishwa, ukadhani kazi yako imepotea. Yeye huku hakujua lolote. Akabana ncha ya mwisho ya waya, na uchafu wako wote ukamtokea mikononi. Ulipousikia mlio wa printa ukaja mbio. Alikuambia nini?"

Nyamongo aliendelea kutazama mkanda. Printa haikunyamaza.

"Izimeni hiyo kitu."

"Alikuambia nini?"

"Alisema ng'ombe za watu zinakufa. Nilimwambia hiyo si kazi yake, amalize aende home. Akasema Ondieki amekuwa akiuliza hizo chupa, atampelekea lebo. Akageuka kuziokota. Aliinama tu pale, anaokota moja moja, anapanga."

Basi jina la Ondieki lilitoka mdomoni mwa marehemu mwenyewe, na ndiyo sababu koleo ikawekwa chini ya lebo yake. Orpah alimwonyesha Kisilu pingu kwa kidevu.

Kituoni, Kisilu mwenyewe alifungua seli. Ondieki alijaribu kusimama, nyayo zikamkatalia, akashuka tena kwa kuushika ukuta.

"Faili ya mauaji umeifunga vizuri," Orpah alimwambia sajini. "Sasa fungua nyingine. Ya miguu hii. Andika ni nani na ni nani, na jina lako ukilikuta humo usiliruke."

Kisilu hakubisha. Alimwinua Ondieki kwa kwapa hadi mlango wa nje, akamwacha ameshika fremu, akarudi ndani bila kuweza kumtazama.

Nje, mvua ilikuwa imeacha madimbwi uwanjani. Mzee Nyangate alikuwa amesimama langoni, amevaa koti lake la kijivu na bakora mkononi. Alimwona mkwe wake akipepesuka. Alitupa bakora, akapiga hatua za haraka, mikono mbele, kama baba yeyote angefanya. Ondieki akajivuta nyuma na karibu aanguke.

"Tiga, tata," alisema. Acha, baba.

Mzee alisimama. Mikono yake ilibaki hewani. Pale walipokuwa, mmoja alikuwa tayari kunyongwa kwa ajili ya mwenzake, na mwenzake hakuruhusiwa hata kumshika kiwiko. Orpah alianza kushuka ngazi, lakini kuna mtu aliyemtangulia.

Ubah aliinuka kwenye benchi, akavuka dimbwi bila kuinua buibui, akapita kati ya wanaume hao wawili. Aliuchukua mkono wa Ondieki akauzungusha shingoni mwake.

"Na mimi huna ensoni," alisema. "Niegemee."

"Mama, mimi ni mzito."

"Najua uzito wa mwanamume. Niegemee."

Walianza kutembea kuelekea langoni, polepole, Ondieki akikanyaga kwa visigino. Nyangate aliokota bakora akatangulia, hatua chache mbele, akiwasafishia njia mawe kwa ncha yake. Ubah alimshikilia Ondieki kiunoni, na walipofika katikati ya uwanja alisimama, akavuta pumzi.

"Wewe na mwanangu mlikuwa na umbo moja," alisema. "Ungekuja naye tena Idi hii."

Ndipo alipolia.